Tulienda kuchimba mtaro wa maji, tukawamalizia maji

Kila mtu akisikia niliwahi kupeleka wanafunzi ng'ambo kujitolea kijijini ananiuliza swali lilelile, eti ilikuwaje, mliwasaidiaje wale watu, na mi huwa nakwama hapohapo maana jibu la kweli ni refu na halinipendezi sana. Leo naliandika lote nimalizane nalo. Nchi na kijiji sivitaji, wenyewe hawajaniruhusu.

Kwanza kazi yenyewe. Unajiona unaenda kuongoza vijana kumbe umeenda kuhesabu. Nilikuwa na wanafunzi 18, walimu wenzangu wawili, na daftari la gamba jekundu ambalo hadi leo ninalo. Humo nimehesabu pasipoti (nchi nyingi zinataka ibaki angalau miezi 6 kabla haijaisha, wawili wa kwangu walikuwa na minne, tulihangaika hatari), nimehesabu barua za ridhaa za wazazi, kadi za homa ya manjano ambayo mtu anatakiwa awe amechanjwa siku 10 kabla, na dawa za malaria maana kabla ya kupanda milimani tulikuwa tunapita bonde lenye mbu, na zile tulizopewa sisi unaanza siku moja au mbili kabla ya kufika na unaendelea kumeza kila siku wiki nne nzima baada ya kuondoka, sasa we fikiria kumkumbusha kijana wa miaka 17 kidonge wiki ya tatu baada ya safari, yuko kwao, keshasahau hata begi kaliweka wapi. Halafu vichwa. Vichwa ndo usiseme. Uwanja wa ndege wa pili nilihesabu nikapata 17, nikarudia nikapata 17, nikaanza kutunga kichwani nitamwambia nini mama yake, kumbe bwana mdogo kalala fofofo nyuma ya rundo la mabegi ambalo nililipanga mi mwenyewe.

Kikao cha wazazi kabla ya safari kuna baba mmoja aliuliza kwa nini tusiwapeleke kwenye kituo cha yatima, watoto wacheze na watoto, picha nzuri, kazi nyepesi. Aliuliza kwa nia njema kabisa. Nikamjibu kwamba hapo mi sigusi, kwa sababu kwenye nchi kama Nepal na Kambodia imeshajulikana miaka mingi kwamba wengi wa watoto waliojazwa kwenye hivyo vituo wana mzazi aliye hai, wametolewa kwao kwa ahadi ya shule, na kinachofanya vituo viendelee kuzaliana ni wageni wanaokuja na michango yao. Australia mwaka 2018 ilipotunga sheria yake dhidi ya utumwa wa kisasa, hilo la kuwasafirisha watoto kuwaingiza vituoni lilihesabiwa humohumo. Na hata ukiacha hayo yote, mtoto anamzoea mgeni wiki mbili, mgeni anaondoka, wiki ijayo anakuja mwingine, anazoea tena. Mzee akanyamaza, baadaye akanifuata nje akaniambia "mwalimu, ungenificha hilo ningelala vizuri."

Basi tukachagua maji. Kijiji kilikuwa kimeshaanza mradi wao wenyewe wa maji ya mserereko, yani chemchemi iko juu mlimani, unajenga kisanduku cha zege kwenye chanzo, unashusha bomba mpaka kwenye tangi, kutoka tangini maji yanagawanywa kwenye magati, yani vituo vya kuchotea maji, hamna pampu, hamna umeme, mvutano wa ardhi ndo unafanya kazi yote. Kamati yao ilikuwa na bomba tayari, ina fundi, inataka nguvu kazi ya kuchimba mtaro wa kilomita moja na ushee, kina mita moja, ili bomba lisiunguzwe na jua wala lisikatwe na majembe ya watu wakilima. Nikasema hii ndo kazi yetu. Hatujifanyi wataalamu, tunachimba tu. Nilijisikia mjanja sana.

Yule fundi, mzee mmoja mkimya, alikuwa na kifaa kimoja ambacho sijakisahau. Mpira mwembamba unaoonesha ndani, mrefu kama mita 15, umejazwa maji. Yeye anashika ncha hii, kijana wake anashika ncha ile mbali huko, na popote pale maji yatasimama usawa mmoja ncha zote mbili, basi anapiga alama kwenye mti, anasogea, anapiga tena, hivyohivyo mpaka anajua bonde limeshuka kiasi gani bila kompyuta wala satelaiti. Alitueleza kupitia mkalimani kwamba kila mita 10 za kushuka zinaongeza presha ya kama baa moja (baa ni kipimo cha presha) ndani ya bomba, kwa hiyo bomba la baa 6 ukilishusha zaidi ya mita 60 bila kuweka tangi la kupunguza presha katikati unajitafutia balaa. Mwanafunzi wangu mmoja ambaye darasani fizikia ilikuwa inamtoa machozi aliuliza maswali manne mfululizo. Mi nikaandika kwenye daftari, maswali manne, maana nilikuwa nahesabu kila kitu.

Siku ya kwanza tulichimba mita 22. Sisi watu 21, sururu mkononi, glavu mpya, kelele nyingi. Upande wa pili wenyeji wanane, wengine umri wa wazazi wangu, walikuwa wamepiga 60 na wamekaa chini ya mti wanatungoja. Siku ya tatu viganja vya vijana vyote vimetoka malengelenge, siku ya tano wakaanza kuzoea, na siku ya sita wakafanya kosa moja kubwa ambalo nami nilikuwa pale nikaliona na sikujua kama ni kosa. Bomba lilikuwa limelazwa kwenye kipande chetu, wao wakataka kufukia haraka wapige picha kabla jua halijazama, wakasukuma ndani kila kilichokuwa kando, udongo na mawe makubwa kama kichwa cha mtu. Mita 40. Fundi alipofika asubuhi akasimama, akaangalia, akachukua chepe mwenyewe akaanza kufukua bila kusema neno. Mkalimani ndo akatueleza, jiwe likikaa juu ya bomba la plastiki, ardhi ikishindiliwa na mvua na ng'ombe wakipita, lile jiwe linasukuma mahali palepale mwaka baada ya mwaka mpaka linatoboa, na kuja kutafuta tundu chini ya mita moja ya udongo ni kazi ya kulia. Kwanza unalaza udongo laini uliochekechwa chini na juu ya bomba, halafu ndo mengine. Tukafukua mita 40 zote. Hakuna aliyepiga picha siku hiyo.

Lakini sikuja kuandika habari za mawe.

Kuna binti mmoja kwenye kundi langu, mpole, si wa kuongea. Yeye na wenzake watatu walikuwa wanalala nyumba ya mama mmoja mwenye watoto, na siku ya saba akaamka usiku wa manane kwenda msalani akakuta binti wa ile nyumba, umri wao sawa, anafunga dumu mgongoni anataka kutoka. Hawaelewani lugha hata neno, akaonesha kwa mkono, naenda na wewe? Mwenzie akacheka akampa dumu la lita 20. Waliporudi kumeanza kupambazuka, mi niko nje napiga mswaki na kikombe changu cha maji, naona wawili wanashuka, mmoja anatembea wima kama hana kitu, wa kwangu amepinda, blauzi imelowa mgongo mzima, dumu liko nusu maana kifuniko hakikukaza na nusu nyingine kaimwaga njiani. Akaliweka chini. Akaniangalia kikombe mkononi. Akasema, "Madam, hii ndo maji tunayoogea."

Asikwambie mtu. Nilitema ile dawa ya meno nikaenda kuchukua daftari.

Tulikuwa tunajua maji yanatoka mbali, ndo maana tumekuja kuchimba, si ndo mradi wenyewe? Ila kila tukirudi kutoka mtaroni tunakuta mapipa yamejaa, tunaoga, tunafua fulana zenye udongo, tunasuuza vyombo, na hakuna hata mmoja kati yetu, mi kiongozi nikiwa wa kwanza, aliyejiuliza nani kayajaza. Siku hiyo nikakaa kijijini sikwenda kuchimba, nikahesabu. Madumu yaliyokuja kwa ajili yetu peke yetu yalikuwa 27. Mara lita 20, lita 540, gawa kwa watu 21 unapata karibu lita 26 kwa kichwa. Ile nyumba ya mama mwenyeji wanaishi watu 6 na wao wenyewe wanatumia madumu manne kwa siku, lita 13 na kidogo kwa kila mtu. Kwa kulinganisha, vile viwango vya Sphere ambavyo mashirika ya misaada yanatumia kwenye kambi za wakimbizi vinasema mtu apate angalau lita 15 kwa siku. Yani wenyeji wetu walikuwa chini ya kambi, na sisi tuliokuja kuwasaidia tulikuwa tunatumia karibu mara mbili yao.

Halafu muda. Kwenda na kurudi chemchemini dakika 50 kwa mtu aliyezoea. Dakika 50 mara 27, nikapiga hesabu mara tatu nikidhani nimekosea, masaa 22 na nusu. Kila siku iliyokuwa inakucha, wanawake na mabinti wa kile kijiji walikuwa wanatoa masaa 22 na nusu ya mgongo wao ili sisi tuoge baada ya kuchimba mita zetu 22. Zile namba mbili zilivyofanana zilinikera zaidi kuliko kama zingetofautiana.

Nikamfuata mama mwenyeji pamoja na mkalimani. Nikamuuliza, mama, mbona hamkutuambia? Alikuwa anachambua kitu kwenye ungo, hata hakusimama, akajibu sentensi moja fupi na mkalimani akasita kidogo kabla ya kuitafsiri. "Anasema, mngeambiwa mtumie kidogo mngeona mmechokwa." Nikabaki nimesimama. Sisi waswahili tuna msemo wetu mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe, nikajikuta nafikiria kwamba sisi jembe tulipewa siku ya kwanza, tena tulilidai wenyewe, na bado tulikuwa mzigo kwa sababu tulichagua jembe tunalolitaka sisi na kuna jembe jingine pembeni hatukuliona hata lilipo.

Jioni nikawasomea vijana zile namba. Nilitegemea vilio, nikapata hasira, wengine walinikasirikia mimi, kijana mmoja akasema kwa sauti "kwa hiyo ni bora tusingekuja", na sikuwa na jibu, nikamwambia hilo swali alibakize. Tukakubaliana kuanzia kesho kila mtu atajichotea ya kwake, kabla ya kwenda mtaroni, na kufua mara moja kwa wiki. Siku ya nane tukashuka mpaka madumu 14. Hesabu yake inakuja lita 13 na kidogo kwa mtu, sawasawa na ile nyumba. Hakuna aliyeamuru namba hiyo, ukibeba maji mwenyewe mwili unajua kupunguza. Mita zetu za mtaro nazo zikapungua, maana watu wanaanza kuchimba wamechoka tayari. Kumbe wale mabinti wa kijiji siku zote ndo wanavyoanza siku yao.

Tatizo likaja kwa simu. Mtandao ulikuwa unapatikana sehemu moja tu, kwenye jiwe moja kilimani, na kijana mmoja alipanda akawatumia wazazi picha akiwa na dumu mgongoni. Kesho yake nimepanda kuwapa shule taarifa, simu inaita, mama mtu kawaka, mwanangu sijamlipia nauli akabebeshwe maji. Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Nikamwambia mama, angekuwa amebeba sururu ungelalamika? Akasema hapana, hiyo ndo kazi ya kujitolea. Tukaishia hapo, mtandao ukakata, na mpaka leo sijui kama alinielewa au alinikatia.

Usiku wa siku ya tisa kijana mwingine aliharisha vibaya. Alikunywa maji ya mtoni bila kusubiri kidonge cha klorini kifanye kazi nusu saa, alikuwa na kiu. Paketi za chumvichumvi zilikuwa zimeisha kwa wengine, nikachanganya mwenyewe, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, akawa anakunywa kidogokidogo mi nimekaa naye na tochi, na kule juu tulikuwa zaidi ya mita 2,000 kwa hiyo maji yanachemka mapema kabla hayajapata moto wa kutosha, inabidi uyaache yatokote dakika tatu badala ya moja. Ile sufuria nilikuwa naichochea na kuni za mama mwenyeji. Kuni nazo, nikawaza, hizo sijazihesabu. Nikaliacha daftari kwenye begi, kuna usiku mtu anachoka.

Siku ya kumi niliwasimulia habari za Ivan Illich. Alikuwa padri, mzaliwa wa Vienna, na mwezi wa nne mwaka 1968 alialikwa azungumze na wanafunzi wa Kimarekani waliokuwa wanajiandaa kwenda kujitolea vijijini Mexico kiangazi hicho. Yeye akawaambia kwa ufupi njooni kutazama, njooni kusoma, pandeni milima yetu, ila msije kusaidia. Nilijua itawauma, ila walikuwa wameshabeba maji siku tatu, kwa hiyo walibishana kama watu wenye haki ya kubishana. Yule aliyesema bora tusingekuja safari hii ndo akawa anamtetea fundi, eti mbona yeye alitutaka? Yule binti wa dumu akasema fundi alitaka mikono, hakutaka watu wa kuogeshwa. Kukawa kimya. Mi nafundisha miaka mingi na sijawahi kupata mjadala kama ule darasani, na hauwezi kupatikana darasani.

Tuliondoka siku ya 14 maji hayajatoka. Nilitamani sana yatoke tukiwepo, sitadanganya, wote tulitamani, tukapanda basi tunageuka nyuma.

Yalitoka wiki ya tano baada ya sisi kuondoka, na hapa kuna kipande ambacho wanafunzi waliniomba nisiandike na mi naandika. Fundi alipofungulia valvu juu, maji hayakufika. Wakatafuta siku mbili. Kumbe kwenye kipande chetu, tulipokutana na mwamba, badala ya kuuvunja au kupita chini tulichimba mtaro ukapita juu yake, bomba likapanda kidogo halafu likashuka, kanundu kadogo tu, na hewa ikajikusanya pale juu ikaziba, maji yanasukuma hayapiti. Wakafukua tena, kwa mara ya pili kipande kilekile, wakafunga valvu ndogo ya kutolea hewa. Mkalimani akatutumia video kwenye grupu letu la wasapu, sekunde 11. Koki inakohoa, inatema hewa, inatema maji ya udongo mekundu, inakohoa tena, halafu yanakuja meupe, na mtu ambaye haonekani anacheka. Niliiangalia mara nyingi sana nikiwa jikoni kwangu, nimefungua bomba langu linamwagika bure, nikalifunga.

Mwaka uliofuata nikaandikia kamati, tuje lini tena. Jibu lilichukua karibu mwezi. Waliandika kwamba wanatushukuru, wanafunzi 18 ni wengi mno, wasije, wangependa tuwatumie viungio 12 vya bomba la milimita 63 na kipimo kimoja cha presha maana cha fundi kimekufa. Chini kabisa, mwandiko mwingine, mkalimani akaongeza kwamba binti wa ile nyumba anamuulizia mwenzie aliyemwaga maji, aje akitaka, peke yake, sasa dumu linajazwa hapo nje.

Viungio vimeshafika. Yeye kamaliza shule, anasubiri viza, na pasipoti yake nimeikagua mwenyewe, ina miaka mitatu mbele.